Jina la Mama Bado Linangoja

Kabiria,
Nairobi.
13 Juni 2025

Mpendwa Tata Janice,

Mmeamkaje huko Rumuruti? Mguu wa Mjomba Mungai umepata nafuu? Mvua je, imewafikia, ama mahindi yamekauka tena? Hapa mume wangu Kuria yuko salama, na Nyambura wetu anaongea mchana kutwa kama redio.

Tata, pongezi zako zilifika, nikalia. Kwa simu nitashindwa kukueleza, ndiyo nikaandika.

Dada yako, Mama, alikuambia nina mimba. Hakukusudia kudanganya. Aliona tumbo, na kwa vile Nyambura alichukua jina la mama ya Kuria, akajua sasa ni zamu ya jina lake, Wangui anazaliwa tena. Akina mama wa kanisa walishaanza kuuliza ni lini. Hata Jackie, msusi wangu pale Kenyatta Market, alinivutia kiti chenye mto, eti, "Mama mapacha, keti pole pole!"

Hakuna mtoto, Tata. Ni uvimbe kwenye kizazi, ule wanaita faibroidi. Mmoja umekuwa mkubwa kama papai, na mingine midogo iko kando yake. Ndiyo maana damu ya mwezi ilikuwa inanimaliza, mpaka nikaanguka nikifua nguo. Daktari anasema haionekani kuwa saratani. Hapo nashukuru Mungu.

Huyo daktari ni mama, yuko katikati ya jiji, na alinieleza bila haraka. Kuna dawa za kupunguza damu na kufanya uvimbe unywee, lakini ukiziacha unakua tena. Kuna kuziba mishipa inayoulisha, ila kwa mtu anayetaka kuzaa hawapendi sana. Kuna kutoa uvimbe peke yake, kizazi kibaki. Na kuna kutoa kizazi chote.

Nilichagua kibaki. Lakini vile uvimbe ni mkubwa, damu ikikataa kusimama itabidi wakitoe ili nipone, na lazima nikubali hivyo kabla sijalazwa. Moyo wangu ulivunjika pale pale kwenye kiti.

Jumapili nilimwambia Mama. Alicheka, Tata. "Mimi nilizaliwa mara moja na ikanitosha. Nyambura anataka mama, hatafuti nyanya mwingine." Kisha akaenda jikoni kuosha vikombe ambavyo nilikuwa nimeshaviosha. Nikasikia maji yakimwagika, yakimwagika. Sikuweza kuingia.

Nitakubali. Nina mtoto wa kulea. Lakini bado natumaini. Dawa za kuongeza damu nameza bila kuruka, na midomo imeanza kurudi rangi.

Upasuaji ni Alhamisi ijayo. Sikuombi uje kwa ajili yangu, Kuria atakuwa nami. Njoo ukae na Mama. Hapa mtaani yeye ni Mama Shiko, kanisani ni Shosho, nyanya ya kila mtu. Tangu mama yenu atuache, ni wewe tu umebaki wa kumwita Wangui. Siku hiyo, mambo yaende yatakavyoenda, nataka asikie mtu akimwita kwa jina lake.

Nisalimie Mjomba, Ken na Bramwel, na majirani wanaonikumbuka. Mungu awafunike nyote, na mvua iwape chakula cha kutosha.

Ni mimi mtoto wa dada yako, nikupendaye hata nikiwa na machozi,

Shiko