Lebo ya Nne na Mkeka wa Mama

Mama yangu, shikamoo.

Marahaba yako siisikii, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia, utasema Kibaha imeniharibu. Nakuandikia kiwandani, kwenye meza yangu ya kuchorea, na kila nikikaa nainuka. Ndugu Meneja anataka lebo ya nne kesho asubuhi. Tatu zimeshatoka: ya mvinyo wa mabibo, wa nanasi na wa maua ya choya. Hii ya nne ni ya mvinyo uliochanganya yote, naye anataka izungushiwe nakshi ya mkeka wako wa kusalia. Aliuona ulipokuja kunitembelea Tangini, umeuanika uani.

"Ndugu," aliniambia, "hicho ndicho cha kwetu. Kwa nini tuige maua ya Wazungu?"

Safari ile unaikumbuka. Ulikuja na unga wako kwenye kikapu, na chumvi yako, usije ukala cha mshahara wa pombe. Nilinuna. Ukasonga ugali, ukanipakulia, nikala unga wako wakati wangu umekaa kwenye debe. Nikakuambia mimi sikamui wala siuzi, nachora tu. Ukaniangalia wee, ukasema, "Anayekamua katajwa kwenye laana ya pombe, anayebeba katajwa. Mchoraji sijasikia akitajwa, lakini usijitie ujanja, mwanangu." Halafu ukaishika lebo ya nanasi, ukaigeuzageuza. "Nanasi zuri. Masikini, limekosa pa kwenda." Nilicheka huku nimekasirika.

Ndipo nikakuomba ile nakshi. Ukasema, "Hapana. Nimesujudu juu yake." Wala hukupandisha sauti. Nikaanza kuondoa vyombo, maana nakujua: ulikuwa ukikataa leo, ukikataa kesho, keshokutwa unakubali. Hata shule ya bweni niliipata hivyohivyo. Nilijipa moyo kwamba nitakuomba tena. Ukaugua, ukaondoka, na mimi nimebaki na hapana ya kwanza.

Nilipokuwa mdogo, kule Kisarawe, wewe ulikaa barazani unasuka ukili wa mkeka, mimi miguuni pako nachora sakafuni kwa mkaa. Nilikuuliza mbona mistari yako inapindapinda. Ukasema hiyo ni njia ya kwenda Maneromango. "Yenyewe haijanyooka, nitainyoosha mimi?" Nakshi hiyo uliitunga mwenyewe, na hakuna mwingine aliyeisuka. Ulinipa miyaa nijifunze. Nikasuka kipande cha shubiri moja, nikakitupa, nikarudi kwenye mkaa wangu. Hukunigombeza. Ulimwambia mama mdogo tu, "Huyu mkono wake umekwenda kwingine."

Tulipohamia kijiji cha ujamaa mikeka mingi ilibaki nyuma, ikaliwa na mchwa. Uliobaki ulikuwa huo mmoja wa kusalia, na ndio uliokwenda nao. Niliuona ukitoka mlangoni juu ya jeneza, nami, kama wanawake wote, nikaishia pale. Wanaume waliporudi, jeneza lilikuwa tupu na mkeka haupo, na nilijua umetandikwa juu yako, chini ya udongo. Nilitaka kuwaambia wakaufukue, Mungu anisamehe. Siku ile sikukulilia wewe peke yako.

Kwa hiyo njia yako ya Maneromango imebaki kichwani mwangu tu, na mimi ninachojua ni kalamu. Nisipoichora, inakufa. Nikiichora, itakaa kwenye chupa, imwagikiwe mvinyo na watu wasiokujua. Nikisema ungekubali, nauona unga wako kwenye kikapu. Nikisema ungekataa, naliona kaburi. Sina raha, mama. Nimegombana na kila mtu humu ndani tangu asubuhi, hata na anayekoroga gundi, ambaye hajanikosea kitu.

Nimeinuka tena. Wenzangu walikuwa wanakata zile karatasi kubwa za lebo kwa kisu, na mabaki ya pembeni yakadondoka chini, membamba, mekundu ya choya na ya manjano ya nanasi. Mikono haikutaka kutulia, nikayaokota, nikaanza kusuka. Mwanzo ulinijia. Nilipofika kona ya kwanza nikapotea. Nikafumua, nikasuka, nikapotea palepale. Kichwani naiona yote, kona kwa kona, lakini vidole havijui vipinde lini. Kumbe nilichonacho ni sura yake tu. Hata ningeijaza kwenye kila chupa ya nchi hii, hakuna mtu angeweza kuusuka mkeka wako kutoka hapo. Hilo limeniuma kuliko hapana yako.

Ndugu Meneja kapita sasa hivi. Nimempa lebo ya nne imezungushiwa mstari mtupu. Kaniuliza nakshi iko wapi. Nikamwambia imezikwa. Kaondoka amenuna, na kesho sijui atasema nini.

Ijumaa nakwenda Maneromango kwa mama mdogo. Yeye hakuwahi kuisuka nakshi yako, lakini ndiye aliyekuwa akikushonea ukili wako miaka yote, na vidole vyake vimepita kila kona. Nitamchorea sakafuni kwa mkaa, yeye anioneshe pa kupinda. Nitabeba unga, na ule wake nitaula pia akinipa.

Mkeka wa kwanza utakuwa mbovu, najua utanicheka. Sitauuza, wala hautafika karibu na chupa. Nitasalia juu yake mimi, mama, paji langu la uso liguse kona ileile uliyowekea lako.

Lala salama.

Kitindamimba wako,
yule aliyetupa ukili akashika mkaa