Vitanda Vinne Katika Chumba Kimoja

Mlandege, Iringa
Jumapili, 18 Agosti

Ndugu wanamapambano wa nyumba ya Iyunga: Mama mpenzi, na wewe shemeji Pendo unayesomewa barua hii jikoni,

Shikamoo Mama. Natumaini mmeamka salama nyote na miguu yako haijavimba tena. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio unaotapika.

Sijapata usingizi tangu uliponisimulia jinsi Baba alivyoshushwa kwenye basi pale Igawa. Mzee wa miaka sabini na moja, mgonjwa mwenye mpira wa mkojo, mfuko umevuja kwa sababu amelazimishwa kukalisha kitako mwili usioweza kukaa, na watu wazima, wenye akili zao, wanaziba pua na kupaza sauti, "Mshusheni huyo babu!" Hivi wao waliogeshwa na nani walipokuwa wachanga? Nani alifua nepi zao? Jamii inayokunja pua mbele ya mzee anayeumwa imekwisha kuoza, Mama, na uvundo ulioikera siku ile ulikuwa wake yenyewe.

Basi Baba hatapandishwa tena gari la kukaa. Upasuaji ni Jumatatu, tarehe 30 Septemba, Dar es Salaam. Akiikosa siku hiyo atasubiri miezi mitano, na daktari amesema wazi kwamba figo zake hazina miezi mitano. Kukaa hawezi, kulala anaweza. Treni ina vitanda. Hoja imefungwa.

Nimepiga simu stesheni. Treni itapita Iyunga Ijumaa tarehe 27, saa kumi jioni. Karani akanieleza kwa utulivu kwamba wanaume hulala chumba chao na wanawake chao, hata wawe mke na mume, isipokuwa mkichukua chumba kizima. Nilicheka. Karne hii! Nikachukua chumba kizima cha daraja la kwanza, vitanda vinne. Baba atalala chini kushoto, wewe chini kulia, shemeji juu yako, mimi juu ya Baba. Pendo ni muuguzi, ndiye atakayembadilishia mfuko njiani, maana macho yako hayaoni tena mahali mpira unapoungana na mfuko, sembuse ndani ya treni inayoyumba. Mimi nitapandia basi Ipogolo siku ya Alhamisi.

Barua namkabidhi Jailos, utingo wa basi la asubuhi, kwa kuwa simu ya nyumba hiyo Baba hutaka iwekwe sauti ya juu, naye angesikia yote.

Mwanao,
Yotamu

---

Iyunga, Mbeya
Alhamisi, 22 Agosti

Mwanangu Yotamu,

Marahaba baba. Ndaga kwa barua, Jailos ameileta na mkono wake una grisi, lakini imesomeka. Miguu yangu haijambo. Baridi ya mwaka huu imeng'ang'ania. Kaka yako Obeid bado yuko Ndola na lori, anakusalimu.

Sasa hilo la chumba. Nilisoma mara mbili nikadhani ni macho yangu. Vitanda vinne, mlango mmoja, humo ndani mkwe na mkamwana wake? Mwanangu, wewe ulizaliwa nyumba hii au tulikuokota?

Miaka saba Pendo ameolewa hapa. Baba yako akikohoa sebuleni, yeye anatokea mlango wa jikoni. Wakikutana njia ya kanisani, Pendo anashuka mpaka kwenye mtaro na kugeuza uso. Hawajawahi kushikana mkono. Na baba yako naye, kabla hajatoka nje anagonga fimbo sakafuni mara tatu ili mtoto wa watu apate nafasi ya kupita. Hata sasa anaumwa, bado anagonga. Wanyakyusa wa mjini wameacha, najua. Baba yako hajaacha, na Pendo hajamwomba aache.

Ulidhani tunambadilishaje? Pendo anakaa nyuma ya pazia, ananielekeza. "Mama, bana mpira kwanza. Mama, usiinue mfuko juu ya kitanda." Mimi ndiyo mikono, yeye ndiyo macho, bila kuona. Siku hizi mikono nayo inakosea. Hilo umesema kweli.

Nilimwambia baba yako mpango wako. Alicheka mpaka akashika tumbo. Halafu akasema, "Mwambie afadhali nifie hapa Iyunga kuliko mkamwana wangu aone uchi wangu kati ya Makambako na Mlimba." Pendo alilia. Anasema zahanati kwake anabadilisha wazee hata kumi kwa wiki, lakini siyo huyu.

Treni ni wazo zuri. Chumba ndicho kibaya. Tafuta namna nyingine, muda upo.

Mama yako

---

Mlandege, Iringa
Jumanne, 27 Agosti

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Mimi sijambo kwa kiasi ambacho mtu anaweza kuwa hajambo baada ya kusoma aliyoyasoma.

Niruhusu nisiume maneno. Barua yako imenitia kichefuchefu. Baba anaoza figo akiwa hai, na nyumba nzima inashughulika na nani ageuze uso mtaroni! Muuguzi aliyesomea kazi yake, aliyeapishwa mbele ya watu, anajificha nyuma ya pazia na kuelekeza mikono isiyoona! Mila inayomtaka mtu afe akiwa na heshima badala ya kupona akiwa na aibu kidogo, mimi naiita najisi. Naiita hivyo mchana kweupe, na niko tayari kuijibia popote.

Na nimekwisha kuijibia. Jumamosi ilikuwa zamu yangu katika mdahalo wa wanafunzi tunaotoka Mbeya. Niliiweka hotuba yangu pembeni, nikaitoa barua yako mfukoni, nikaisoma. Sikutaja majina, nilisema tu "baba yangu, Iyunga" na "mke wa kaka yangu, muuguzi". Mama, ungeuona ukumbi! Nilipofika kwenye fimbo kugongwa mara tatu, walipiga meza. Nilipofika mtaroni, walicheka hadi wengine wakasimama. Nikawaambia: "Ndugu zangu, msicheke. Tapikeni!" Blessing, katibu wetu, amerekodi yote, na nasikia imeshasambaa mbali.

Chumba kinabaki kama kilivyo. Shemeji atapanda. Historia haimsubiri mtu aliye mtaroni.

Mwanao,
Yotamu

---

Iyunga
Jumanne, 3 Septemba

Yotamu,

Leo sianzi na salamu.

Hiyo video ilifika kwenye kundi la kwaya. Pendo aliiona akiwa kazini, wagonjwa wamekaa kwenye benchi, na mmoja wao akamwuliza, "Nesi, si ndiyo wewe wa mtaroni?" Alimaliza zamu yake. Jumapili alifungasha nguo akaenda kwao Tukuyu. Hakunisema vibaya. Alinichorea kwenye karatasi jinsi mpira unavyoungana na mfuko, michoro mikubwa ili nione.

Baba yako naye aliomba aonyeshwe. Aliitazama mpaka mwisho. Akasema, "Anaongea vizuri," akageukia ukuta. Tangu siku hiyo hagongi fimbo. Hakuna wa kumgongea.

Unasema unatapika kwa sababu yetu. Sasa mimi nikukumbushe. Julai ulikuja likizo siku tisa. Siku ya pili nilikuomba unishikie beseni nimwage mfuko. Ulisimama mlangoni, kola ya shati umeivuta mpaka puani. Ukasema una kikao mtaa wa Soweto. Ulirudi tumeshalala. Siku zote zilizobaki, nikinyanyua beseni wewe unanyanyua simu. Ulidhani nani hakuona? Baba yako macho yake ni mazima.

Umepanga vitanda vizuri sana. Wewe juu ya baba yako, Pendo ashuke amhudumie, wewe usishuke. Pendo amefungwa na mila. Wewe je? Wewe siyo mkwe wake. Hakuna mila ya Wanyakyusa, wala ya Wahehe unaoishi nao, inayomkataza mtoto wa kiume kumwosha baba yake. Kinachokukataza ni pua yako.

Wale wa Igawa hawakuwa wanawe.

Hatutasafiri. Chumba kifute. Usinijibu kwa hotuba.

Mama yako

---

Mlandege
Jumatano, 18 Septemba

Mama,

Shikamoo. Naomba uipokee hata kama hutaiitikia.

Nimekaa siku kumi na tano bila kuandika kwa sababu kila sentensi niliyoianza ilikuwa hotuba. Niliichana moja baada ya nyingine. Hii nayo ikikunukia jukwaa, ichane.

Uliyoyasema ya Julai ni kweli. Ile harufu ilinichukiza, na kuchukizwa kwangu kukanichukiza zaidi, nikakimbia vyote viwili. Nilipopata mila ya kulaumu, niliishukuru kimoyomoyo. Najionea kinyaa, Mama, na safari hii sijamsomea mtu.

Hapa karibu kuna zahanati ndogo yenye vitanda vichache vya wazee. Tangu tarehe 5 nimekuwa nikienda kila siku baada ya vipindi. Sista Verediana, msimamizi wao, aliniuliza nataka nini, nikamwambia nataka kujifunza kubadilisha mfuko wa mkojo. Akanitazama kiatu hadi kichwa. Siku ya kwanza nilitapika kwenye ndoo ya mgonjwa. Akasema, "Umemaliza? Ioshe. Halafu rudi hapa." Siku ya tatu niliinua mfuko juu ya kitanda, mkojo ukarudi nyuma, mzee akaguna. Nikaisikia sauti ya Pendo nyuma ya pazia, kama ulivyoiandika. Sijainua tena.

Mgonjwa wangu ni mzee Nkuba, mfugaji aliyetoka Usukuma akahamia Usangu na ng'ombe wake. Juzi aliniambia, "Kijana, mkono wako wa baridi kama wa karani. Uchue kwanza." Sasa nauchua kwanza.

Jumamosi iliyopita niliomba nafasi katika ukumbi uleule. Nilisema nilichokifanya kwa barua ya mama yangu, na nilichokitenda Julai. Hakuna aliyepiga meza. Blessing ameifuta video kwake, lakini maji hayo yameshamwagika na siwezi kuyazoa. Shemeji nimemwandikia barua yake peke yake. Sikumwomba arudi. Nimemwomba radhi tu.

Chumba kizima nimekifuta. Nimeshika vitanda viwili katika chumba cha wanaume na viwili katika chumba cha wanawake, ukuta mmoja katikati. Ile kanuni ya karani niliyoicheka. Kwetu wataongezeka wanaume wawili nisiowajua. Wakikunja pua nitawaelewa, lakini Baba hatashushwa.

Zimebaki siku tisa. Kila kitu cha mfuko nitakifanya mimi. Mwulize Baba, tafadhali. Akikataa, nitakuja vilevile, nishike beseni hapo nyumbani.

Mwanao,
Yotamu

---

Iyunga
Jumatatu, 23 Septemba

Mwanangu Yotamu,

Marahaba.

Barua yako nilimsomea baba yako jana baada ya ibada. Aliniambia nirudie pale pa ndoo. Nilirudia. Akacheka, kile kicheko cha tumbo, hakika nilikuwa nimekisahau. Akasema, "Mwambie aje. Lakini akate kucha."

Leo asubuhi mtu ametoka Tukuyu na boksi la glavu. Pendo amelituma. Ndani kuna karatasi imeandikwa kwa kalamu nyekundu, hatua moja moja, bana, nawa, vua, unganisha. Hakuna salamu. Mstari wa mwisho anasema: "Usihutubie. Nawa tena."

Kuja hajasema. Kukataa hajasema. Kitanda chake usikifute.

Nimekwishaanza kukaanga karanga za njiani. Baba yako anauliza kama kitanda cha chini kiko upande wa dirisha.

Mama yako

---

Mlandege
Jumatano, 25 Septemba

Mama,

Shikamoo. Nimefurahi mno kusikia habari za kicheko hicho.

Mwambie Baba kitanda chake ni cha chini, na dirisha liko pale pale kichwani. Cha Pendo kimebaki na jina lake, chini, ng'ambo ya ukuta. Wewe utakuwa chumba hicho hicho naye. Asipokuja, kitasafiri kitupu, na nani wa kumlaumu namjua.

Sista Verediana jana alinikagua vidole kimoja kimoja kama mtoto wa shule, akanipa sabuni nyingine. Mzee Nkuba anamsalimu Baba. Anasema umwambie kwamba mikono ya karani imeanza kupata joto.

Kesho nitapandia basi Ipogolo. Nitafika kwenu kabla ya jua kuzama, na nitaomba unipe beseni kabla ya chai.

Wanamapambano wote mnatangaziwa: tunakutana Ijumaa, tarehe 27 Septemba, saa nane kamili mchana, stesheni ya Iyunga, saa mbili kabla ya treni, ili Baba apandishwe taratibu. Ajenda ni moja. Msemaji hakuna.

Mwanao, kucha nimekata,
Yotamu