Namba Tulizozifunika Udongo

Mtaa wa Jineri,
S.L.P. 88,
Homa Bay.
14 Agosti 1996

Mpendwa Baba Mdogo Cephas,

Rael wangu sasa hivi amekwangua ukuta, akatia udongo mbichi mdomoni. Nikimtoa huku anatambaa huko. Kisha akanicheka na yale meno yake manne, hasira yote ikaniisha. Ukiona alama za vidole kwenye karatasi, ni yeye, utusamehe.

Salamu nyingi sana. Baridi ya Kericho iko namna gani? Na kile kifua chako kimepoa? Sisi tuko wazima, Mungu asifiwe. Jeff wangu amepata kibarua Rangwe, anarudi Jumamosi, kwa hiyo shughuli ya leo iko juu yangu peke yangu.

Baba Mdogo, mtaa wetu unabomolewa. Usishtuke. Kaunsil wanataka kutoa hizi nyumba za udongo nyuma ya jineri ya pamba wajenge za mawe, na maji ya mfereji, na barabara ambayo mvua haiwezi kumeza. Kila aliye na mlango atapewa mlango. Vijana wao walipaka namba nyekundu kwa kila ukuta, wakasema majina yataandikwa siku wakubwa wakija.

Sasa sikia aibu yetu. Tuliposikia wakubwa wanakuja, si unajua wanawake wa huku? Mgeni hawezi kukuta ukuta umepasuka. Jana tukachanganya udongo na mavi ya ng'ombe, tukasiriba mstari wote kuanzia kwa Bonareri mpaka kwangu, tukiimba. Mtaa ukapendeza kama bibi harusi. Namba zote zikalala chini ya udongo.

Leo asubuhi karani wao Machuki akafika na wakubwa wake, akasimama kama mtu aliyeibiwa.

"Akina mama, mmesiriba kitabu chote cha kaunsil! Sasa nitajua nani ni wa wapi?"

Mama Nyamusi, yule aliyechagua pamba hapa tangu usichana wake, akamjibu, "Wewe kijana, kwenu mgeni anapokelewa na nyufa? Shika kalamu. Kitabu chako kimefunikwa, changu kiko hapa." Akajigonga kichwa.

Ungekuwepo! Alianza na jineri yenyewe. Vile king'ora kiliamsha mji kabla ya jogoo, mikokoteni ya pamba kutoka Lambwe ikipanga mstari mpaka karibu na ziwa. Wanaume walitoka kazini na pamba kwenye nywele, watoto wao wenyewe wakiwaita babu. Halafu mlango kwa mlango: hapa ni Bogonko, mfunga marobota, hapa ni Teresa, alizaa mapacha juu ya magunia ya mbegu. Akasema hata ile siku mashine zilizima, watu wakakaa nje siku tatu wakingoja king'ora. Karani aliacha kununa, akaanza kuuliza maswali. Mimi nilidhani hapa ni mahali pa maskini tu. Kumbe ni watu waliovisha nchi nguo!

Lakini naogopa jambo moja. Mlango wangu ulikuwa wako, na karani anasema mlango ambao mwenyewe amehama unahesabiwa mtupu. Mimi nina miaka miwili tu hapa. Akikataa, Rael atalala wapi? Tafadhali waandikie kaunsil haraka useme uliniachia. Wamebakisha milango mitatu wafike kwangu. Naandika hapa mlangoni ili wakifika wanikute.

Nisalimie Mama Liz, na Ken umwambie asome kwa bidii. Mungu akufunike na blanketi lake huko kwa baridi.

Ni mimi mtoto wako nikupendaye,
Damaris

Baba Mdogo, kabla sijafunga bahasha: wamefika! Karani amesema, "Huyu ni mgeni." Mama Nyamusi amemkata, "Hapa alilala Cephas wa mashine ya pili. Alipoenda, mlango haukufungwa, alimwachia mtoto wa ndugu yake. Sufuria ya huyu nimeiona motoni kila siku. Andika!" Karani ananiangalia, anaangalia moshi wa jiko langu. Sasa ameinama, kalamu inatembea.

Mama Nyamusi ananiita, "Damaris! Wacha barua! Kuja uweke sahihi, na uandike jina lote, usiweke kidole!"

Nakuja! Baba Mdogo, wameniandika, ule mlango wako sasa ni