Binti Uliyemufukuza Juu ya Jina

Yaya Paluku, kaka yangu mukubwa,

Mama anaendelea namna gani na ile kifua yake? Bibi yako amepona malaria? Batoto banakula? Wewe mwenyewe siulizi. Nilisoma barua yako, najua uko muzima, ni roho tu inagonjwa.

Uliandika kama mutu mwenye kushinda: «Kuko binti moja alitoka Mbau kwa miguu, anasema ni wa marehemu Kambale. Nilimuuliza jina, akasema Bolumbu. Nikamuambia, kwetu hapana jina ya vile, rudia kwenye umetoka.» Ee, Yaya! Sababu kwetu jina inasema mutoto ni wa ngapi, basi asiyeitwa Masika ao Kavira hapana mutu? Ndugu yetu Kambale alioa mwalimu wa kutoka province ya Équateur, na bière ya ndoa ulikunywa mpaka ukalala. Ni ule mama alimupa mutoto jina. Leo baba amekufa, mama alipotelea mu pori siku batu bote balikimbia vita, na wewe unafunga mulango. Sasa mutoto analala kwa jirani yako Masika, ule alinitumia habari, mu nyumba yenye mulango wa gunia, na basoda benye bunduki banapita mu kartié yenu ya Bulengera kila mangaribi kubeba mabinti. Ulifikiri ile?

Huku Nairobi niko napigana na upumbavu kama wako, ila ule wa mashini. Ku bureau, ku kazi, banacheka Swahili yangu, lakini kazi ikiharibika banakuja kwangu. Programme yetu inapokea vitu vya dépôt, ile stoo kubwa. Kila kitu kiko na aina yake, tunasema classe, na classe moja inaweza kuzaa ingine: Bidhaa imezaa Chai, imezaa Sabuni. Collègue mumoja wa kazi aliandika hivi: kitu kikifika, uliza jina ya classe yake, kama hapana «Bidhaa», fukuza. Chai ikafika, ikafukuzwa. Dépôt nzima ikasimama, na chef anapiga makelele kwangu mimi! Donc nikamuonyesha ule bwana: programme ikiwa inatembea, unaweza kugeukia kitu chenyewe na kukiuliza umezaliwa na nani, na huyo mzazi alizaliwa na nani, na unajua kufanya nini. Tunaita ile réflexion. Haikamate hata dakika. Chai ikapita.

Wewe uko na macho, uko na kinywa, na ulishindwa na mashini!

Basi nikauliza mimi. Jumamosi nilienda kwa bacommerçants, bachuruzi ba kwetu, benye phonie, ile redio ya kuongea na batu ba mbali, na Masika akaleta mutoto upande ule. Jina sikumuuliza. Nikasema: baba yako alikuwa anakuelezea nini juu ya kwetu? Akaniambia kahawa ya Mama kule kilimani, na vile mimi nilikuwa namwaga maji nikianza kucheka. Nililia mbele ya batu, na haya sina.

Salimia Mama, umusomee barua hii yote, usiruke kitu, nyumba ni yake. Salimia bibi yako mwenye kukuvumilia, na batoto. Salimia Masika, alikushinda roho.

Kabla ya phonie kukatika, mutoto aliuliza neno moja. Umujibu wewe, pale ku mulango: «Tante, ule baba mukubwa alinifukuza, ni yule Papa yangu alimubeba mu mugongo kutoka kule Kayna, siku basoda balimupiga risasi mu muguu?»

Mimi, dada na ndugu yako bado,
Katungu