Shangazi Amekataa Kurudi Chebunyo

Kericho, Jumapili

Ndugu yangu Kipkoech,

Hamjambo huko nyumbani Chebunyo? Huku mvua ya saa nane haijakosa hata siku moja.

Unajua nilikuja kumtoa Shangazi Taprandich kwenye hii nyumba ya wazee ya kanisa, ambayo tumekuwa tukiwaficha majirani. Nilipofika, msimamizi alitaka kunipa chai. Shangazi akamzuia: "Huyu ni mgeni wangu." Akaleta kibuyu chake, akanimiminia mursik, maziwa ya mgando ya kijivu kwa mkaa, baridi, tamu ajabu.

Kumbe alikataa kuingia hapa mpaka kanisa linunue ng'ombe. Aliwaambia boma bila ng'ombe ni hoteli tu! Sasa anamkama mwenyewe, na wazee wote wanakunywa. Wazee walianza wanne, siku hizi wamezidi hadi wanajengewa upande wa pili.

Nikamwambia afunge mizigo. Akacheka.

"Wewe mtoto, umekunywa maziwa kwangu, halafu unataka kunihamisha?"

Nilimwonea fahari mpaka machozi yakanitoka.

Kile kitanda ulichomtengenezea walalie watoto, Mungu awakuze. Na majirani wakiuliza Shangazi yuko wapi, usinong'one tena. Waambie yuko kwake.

Dada yako,
Cherono