Kufuli Mbili za Fensi

Jumatatu, 12 Januari
Fensi ya tembo: volti elfu sita na ushei. Nyaya zote tatu nzima. Nimefyeka nyasi za lango la chini. Mahindi yanakauka, wiki mbili tuvune. Huu ndio wakati tembo hutuvizia.

Saa sita nimekuta fensi imezimwa tena. Mara ya tatu. Ni Mwadime, mdogo wa mume wangu. Anazima apitishe mbuzi waende malishoni, halafu anasahau kuwasha. Nimemuuliza, akacheka. Kijiji kizima cha Makwasinyi kimenikabidhi mashine hii ya kutia stima kwenye fensi, yeye anacheka. Nimekasirika hadi chai imenishinda.

Jumatano, 14 Januari
Mkutano. Nimependekeza sanduku la mashine lifungwe kwa kufuli mbili: ufunguo mmoja kwangu, mwingine kwa mwenyekiti. Asiwepo wa kuizima peke yake, hata mimi. Wamepiga makofi. Mwadime alikaa nyuma, kainamisha kichwa. Nilifurahi. Nakiri.

Ijumaa, 16 Januari
Hakuna aliyezima. Mwadime anazungusha mbuzi hadi barabarani, mwendo wa saa nzima. Hanisalimii. Potelea mbali.

Jumamosi, 17 Januari
Nitaandika yote.

Saa nne asubuhi, mayowe. Beberu wa Mwadime alipenya chini ya waya, naye akajipenyeza kumfuata. Waya ukamzunguka mkono. Kila sekunde pigo. Kila pigo mwili unaruka. Nilijaribu kuunasua kwa kijiti kikavu, lakini ulikuwa umejikaza.

Nikakimbilia sanduku. Kufuli yangu ikafunguka. Ya pili, wapi! Mwenyekiti kampeleka mkewe hospitali Voi, ufunguo uko mfukoni mwake, simu imezimwa.

Nikasimama. Hili nitaliandika kwa sababu ni kweli. Nilisimama nikiwaza nitamwambia nini mwenyekiti. Shemeji yangu anakufa, mimi nawaza sheria niliyoitunga mwenyewe.

Kisha shoka. Pigo la nne lilivunja kufuli. La tano, kwa pupa yangu, likapasua mashine. Fensi ikanyamaza. Midomo ya Mwadime ilikuwa imepauka, lakini anapumua. Wamempeleka Voi kwa gari la mwalimu.

Jumapili, 18 Januari
Tembo wamekuja. Hakuna stima, wangezuiwa na nini? Mashamba manne. La mwenyekiti limebaki mabua. Langu nusu.

Mwenyekiti amerudi, akatazama shamba, akaingia ndani. Afadhali angenitukana. Wengine wanasema ningetafuta njia nyingine. Njia gani, hawasemi. Mwadime yu hai. Naogopa kuonana naye kuliko mkutano wa kesho kutwa.

Jumanne, 20 Januari
Nilisimama kabla ya kuitwa. Nikasema kufuli zilikuwa wazo langu, na sikutaka kulinda fensi tu. Nilitaka Mwadime ashindwe. Watu wakaguna.

Nikaendelea. Kuzima hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kuzima kimya kimya. Mashine mpya ikija, ifungiwe, sawa, lakini swichi ya kuzimia ikae nje, langoni, azime yeyote, hata mtoto. Ikizimwa, king'ora kilie hadi iwashwe.

"Na kikilia kila siku, Mama Wakesho?" mwenyekiti akauliza.

"Kitalia, mwenyekiti. Tutatoka tuone ni nani."

Wamekubali shingo upande. Mwenyekiti alikuwa wa mwisho kuinua mkono.

Jumamosi, 24 Januari
Fundi amefunga mashine na swichi. Mwadime ametoka hospitali. Nimempelekea uji kwa mkono wa mwanangu Wakesho. Sijaenda mwenyewe. Woga.

Alhamisi, 29 Januari
Volti elfu sita. Nyaya nzima. Nilikuwa naokota mahindi yaliyobaki.

Saa tano king'ora kimelia. Nimetupa gunia, nikakimbia. Mwadime, langoni. Mkono wa kulia kwenye bendeji, vidole viwili havikunjiki. Mbuzi nyuma yake, lango wazi, lakini hakuwapitisha. Alikuwa anasubiri nimwone.

Nimemwinulia mkono. Mbuzi wamepita. Amefunga lango, akawasha swichi kwa mkono wa kushoto, kelele ikakoma.

"Shemeji, umeona?"

"Nimeona."

Nimerudi kwenye gunia langu.