Tuliandika "Msanii Ametoka", Watu Wakamsubiri

Alhamisi jioni, Ilala. Mawingu yameshuka tangu asubuhi, joto linabana, na mvua yenyewe haitaki kunyesha. Nimekaa kitandani na kompyuta mapajani, miguu bado ina vumbi la Kariakoo.

Kesho majaji wa chuo wanakuja kuangalia kazi yangu ya kumaliza masomo, na hadi saa hii sijui kazi hiyo inasema nini. Wiki iliyopita nilijua. Jana asubuhi nilijua.

Leo sijui.

Ngoja nieleze tangu mwanzo, labda nikiandika nitaelewa. Nasomea ubunifu wa michoro: matangazo, nembo, vifungashio. Mwaka wa mwisho tunatakiwa kutengeneza kazi ya maonyesho ambayo mtu anaingia ndani yake kama anavyoingia chumbani. Mada tuliyopewa ni hii: kazi za ubunifu zitakuwaje huko mbele? Mwenzangu ni Gift, tunasoma darasa moja. Baba yake mdogo ana fremu ya duka Mtaa wa Mchikichi, mpangaji amehama na mwingine hajaingia, akatuazima.

Tukaijenga iwe ofisi ya dizaina mmoja. Meza, kiti kilichochanika mgongoni, penseli, kikombe chenye chai iliyokauka, malapa chini ya meza, benchi la wageni. Ukutani tukaweka runinga kubwa, akili mnemba inatoa michoro yenyewe bila kupumzika: kadi za harusi, nembo, lebo za juisi. Mlangoni kibao: MSANII AMETOKA. Mtu aingie, aone kiti kitupu na mashine inayopiga kazi, aumie kidogo. Ndicho nilichokitaka. Aumie.

Kichwani nilikuwa na mtu. Kaka Isaya, dizaina aliyenifundisha kazi nilipokuwa fildi, mafunzo ya vitendo, kwenye kampuni moja ya matangazo pale Upanga. Kiti kile nilikitafuta hadi nikapata kinachofanana na chake. Malapa vilevile. Nilipoondoka, kampuni ikaleta mashine kama hii yetu ikapunguza watu, na yeye akawa wa kwanza. Niliposikia nilikosa usingizi.

Na kuna jambo sijaliandika hapa bado. Kampuni hiyohiyo imeniita mimi. Nikimaliza chuo wananitaka nikae na mashine, niikague inachotoa. Sijawajibu. Anayejua ni Gift peke yake.

Jana tulifungua kwa majaribio. Nilitegemea watu wataingia kimya, watazame, watoke wakiwaza. Watu wa Kariakoo wakaingia, wakasoma kibao, wakakaa kwenye benchi.

Wakasubiri.

Kila mmoja ananiuliza msanii anarudi saa ngapi. Huyu anataka kadi ya kitchen party ya binti yake, yule lebo za chupa za pilipili. Nikieleza kwamba hakuna msanii, kwamba hii ni kazi ya chuo, wananitazama kama nawafukuza. Gift akaona raha. Akavuta kibodi, akaanza kuwahudumia kwa mashine. Kadi ikatoka, mteja akaondoka anacheka. Nikamwambia anaharibu kazi yetu.

"Nasra, hii ndiyo kazi yenyewe," akanijibu. "Wewe unataka walie, wao wanataka kadi."

Akageuka kumhudumia mteja mwingine.

Leo mchana ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Benchini alikuwepo Mama Latifa, anayeuza madira kwa jumla jengo la jirani, sauti yake inavuka barabara. Anafungua duka jipya pamoja na binti yake, na jina wameshaelewana: Latifa na Mama. Anataka bango. Tangu jana Gift anamtolea picha, yeye anazikataa.

"Nzuri," alisema leo, shingo ameinua kwenye runinga, "lakini hawa ni Wazungu waliovalishwa madira. Na mimi sura bangoni sitaki. Nitamsubiri fundi mwenyewe."

"Mama, fundi hayupo," nikamwambia.

"Si kibao kinasema ametoka? Aliyetoka si anarudi?"

 Hapohapo mtu akasimama mlangoni. Nikamjua kabla sijaiona sura, kwa jinsi alivyoinamisha kichwa kupita.

Kaka Isaya.

Amenenepa kidogo. Amevaa ovaroli, mikono ina rangi hadi kwenye viwiko. Rafiki yake mmoja wa kule Upanga alipita jana, akapiga picha ya fremu yetu, akamrushia. Nikamwamkia. Alikitazama kiti. Akainama, akayatazama malapa.

"Kumbe nimekufa," akasema.

Nikaanza kumweleza. Yale maelezo niliyowaandalia majaji, niliyoyaona mazito, yakaisha kwa sentensi mbili. Nikasema ni heshima kwake. Nikasema alionewa, nataka watu wajue. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniambia anachanganya rangi za magari Buguruni. Mafundi wa gereji wanamletea kipande cha bodi, naye anatafuta rangi inayofanana nacho. Anarudi nyumbani watoto bado wako macho. Mgongo umeacha kumuuma.

"Nililia, Nasra, sikatai. Halafu nikanyamaza. Wewe bado unanililia?"

"Sikujua, kaka."

"Hukuniuliza. Na namba yangu unayo."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Nilidhani ataondoka. Lakini Mama Latifa alikuwa ameshainuka benchini. "Fundi, umerudi? Mwenzio nakusubiri tangu jana!"

Kaka Isaya akamtazama, akanitazama, akacheka kidogo bila furaha. Kisha akavuta kile kiti, akakaa.

Akaanza kumuuliza. Mlango wa duka unatazama wapi? Nani atakaa kaunta? Bangoni tuweke sura yako? Mama Latifa akashusha sauti, mara ya kwanza tangu nimfahamu. Akasema binti yake ni mpole, yeye ndiye mwenye makelele, na watu wamezoea kumtafuta yeye. Akiweka sura yake, Latifa ataonekana msaidizi tu dukani kwake mwenyewe.

Kaka Isaya akachora madira mawili kwenye henga moja, dogo limetangulia mbele.

"Hapana, siyo hivyo. Latifa ameshanipita urefu."

Akachora tena. Mama akakataa shingo za madira. Akachora tena. Ilipokaa sawa, Gift akaupiga picha ule mchoro na kuuingiza kwenye mashine ili upate rangi, wakabishana wote watatu kuhusu zambarau hadi ikapatikana wanayoitaka. Mama Latifa akaondoka na bango lake kwenye simu, anamwonyesha kila anayepishana naye.

Mimi sikufanya chochote. Nilisimama ukutani ndani ya kazi yangu mwenyewe kama mtu aliyekuja kuulizia njia. Nilikuwa namtazama Kaka Isaya usoni. Alipokuwa anachora aliuma ncha ya ulimi, kama alivyokuwa akifanya Upanga. Alipomaliza alikunjua vidole, akavitazama, akatoka haraka bila kuniaga vizuri.

Kama ana raha Buguruni, mbona uso ulikuwa vile? Na kama kazi hii anaitamani, mbona aliondoka kama anakimbia?

Gift anasema kesho tusibadilishe kitu, tufungue duka mbele ya majaji na wateja waingie. Mimi nataka kibao kitoke. Ananiuliza, kikitoka kinabaki nini?  Nimemkasirikia kwa sababu nahisi yuko sahihi, halafu nikifikiria tena naona amekosea.

Kabla ya magharibi nikampigia Kaka Isaya. Mara ya kwanza tangu niondoke fildi. Nikamwomba radhi, nikamwambia nitatoa kila kinachomhusu.

"Toa malapa tu," akasema. "Viti vilivyochanika viko mji mzima."

Nikamuuliza kama anaikumbuka kazi yake ya zamani. 

"Kuna siku naikumbuka sana. Kuna siku wala. Leo usiniulize."

Ndipo nikamwambia kuhusu kampuni kuniita. Nilikuwa nimefumba macho, nangoja anitukane. Hakunitukana. Aliniuliza kitu ambacho miaka yote ya chuo hakuna aliyeniuliza.

"Wewe mwenyewe, unapenda nini kwenye kazi hii?"

Yalikuja majibu ya darasani, nikaona aibu kuyasema.  Mwishowe nikasema napenda pale mteja anapokuambia hapana, siyo hivyo, ukachora tena, ukaona uso wake unaanza kufunguka.

"Na hao watakupa mteja wa kukukatalia?"

"Sijui. Sidhani."

"Si uwaulize!" Safari hii alicheka kweli. Halafu mtu akamwita, gari lilikuwa linasubiri rangi, akakata.

 Kuhusu majaji, nimeamua hivi: nitawaeleza yaliyotokea, na wakiniuliza maana yake nitasema sijaielewa bado. Wakinipunguzia alama, wanipunguzie. Gift nimemwambia, hajapinga. Amesema angalau nitakuwa nasema kweli.

Kisha nikawaandikia kampuni. Ujumbe mfupi: je, nikija kwenu nitakuwa nakutana na wateja ana kwa ana? Nikautuma kabla sijaanza kuupamba.

Umefika, haujasomwa. Wakinijibu ndiyo, sijui kama nitafurahi au nitaona haya kukaa walipomtoa Kaka Isaya. Wakinijibu hapana, sijui nitakwenda wapi. Ila swali ni langu mwenyewe, na limeshaondoka mikononi mwangu.

Nakwenda kula.